Kusoma Kumbukumbu za Seva

Chombo kinapovuja, mafundi wa majahazi wa Nungwi hawabomoi mbao zote. Hutafuta penye ufa wakapakalafati. Ndivyo ipasavyo kwa seva, yaani kompyuta inayotoa kurasa za intaneti. Kila ombi inalopokea huliandika katika kumbukumbu, pamoja na saa na jibu la tarakimu tatu.

Tarakimu ya kwanza ndiyo ufunguo. Ikiwa 4, kasoro imo katika ombi: 404 ni kusema ukurasa ulioombwa haukuonekana. Ikiwa 5, kasoro i upande wa seva: 504 ni kusema iliingojea seva nyingine hata muda ukaisha. Hapo mwenye nyumba ya wageni asikimbilie kubadili programu yake; huenda njia ndiyo iliyokatika, kama tarehe 12 Mei, 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, mawasiliano ya Tanzania yakazorota.

Kisha hutazamwa saa. Seva nyingi hufuata saa za ulimwengu, zilizo nyuma ya zetu kwa saa 3. Palipoandikwa 03:00, Nungwi ni saa 12 asubuhi. Asiyelijua hilo atalitafuta kosa la asubuhi katika mambo ya usiku.