Sanduku la Majirani

Mulungwishi ni mahali panapojulikana katika Katanga, kando ya barabara kuu itokayo Likasi kwenda Kolwezi. Magari mazito ya migodi hupita hapo mchana na usiku, na vumbi lake hubaki juu ya mapaa ya nyumba. Watu wa mitaa yake hulima mahindi na mihogo, huchoma makala, huuza vitu vidogo vidogo kando ya njia. Wengine hufuata kibarua mjini Likasi. Fedha huingia nyumbani polepole, nazo hutoka kwa ghafula. Mtoto akishikwa na homa usiku, au mzee akifariki mwezi wa Februari, wakati ghala ni tupu na mahindi mapya hayajakauka, nyumba yenye msiba haina budi kuzunguka mtaani ikiomba. Jirani mwema hutoa alicho nacho. Lakini mara nyingi siku ile naye hana kitu, na huruma yake hainunui dawa.

Je, majirani waweza kujiweka tayari pamoja kabla siku hiyo haijafika? Waweza, wala hawahitaji kumngojea tajiri. Yatosha wawe watu ishirini wanaojuana, tena wenye kushika utaratibu.

Watu wa Katanga wamezoeshwa kungojea, na sababu yake yafahamika. Kampuni ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, iliwapa wafanyakazi wake nyumba, posho, hospitali, na shule kwa watoto wao. Mwaka 1967 serikali ilitwaa mali ya kampuni hiyo, na Gécamines iliyofuata iliendelea vivyo hivyo kwa muda mrefu. Watu walisema kwamba kazi ndiyo baba, ndiyo mama. Lakini mwaka 1990 mgodi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, uliporomoka. Miaka iliyofuata shaba ilipungua mno, mishahara ikakawia miezi kwa miezi, na kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaachishwa kazi katika Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Mtu aliyelishwa na kampuni tangu ujana wake aliweza kujikuta mzee, hana mshahara, wala hana jirani aliyefanya naye shauri la kusaidiana. Waliozishika nyumba hizo zisianguke, mara nyingi walikuwa akina mama, kwa mashamba yao na biashara yao ndogo ya sokoni.

Akina mama hao walikuwa na likelemba. Hakuna asiyeijua: watu kumi hutoa fedha sawasawa kila juma, na jumla yote huchukuliwa na mmoja, kwa zamu, mpaka wote kumi wamepata. Katika Tanzania jambo hilo huitwa upatu. Ni jambo jema, lisilotaka kitabu wala ofisi. Lakini lina udhaifu wake. Fedha hazikai mahali popote, hata anayefiwa leo hapati kitu ikiwa zamu yake imekwisha kupita. Tena aliyechukua kwanza aweza kuhama, na wa mwisho hubaki akilia. Hata hivyo mtaa wenye likelemba inayokwenda vizuri umekwisha kupata lile lililo gumu kuliko yote, yaani watu wanaoaminiana.

Mwaka 1991 katika nchi ya Niger, upande wa Maradi, shirika la CARE liliwafundisha wanawake wa vijijini njia nyingine, iliyojengwa juu ya desturi yao wenyewe ya kuchanga kwa zamu. Njia hiyo imeenea Afrika. Katika Kongo vikundi vyake huitwa AVEC, na Tanzania vipo vinavyofanana navyo, viitwavyo VICOBA. Kiini chake ni sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo hushikwa na watu watatu mbalimbali, na sanduku lenyewe hulala kwa mtu wa nne. Hakuna mmoja awezaye kulifungua peke yake, hata mwenyekiti.

Mkutano hufanyika kila juma, siku ileile na saa ileile. Wanachama huketi katika duara, sanduku likiwa katikati. Washika funguo hulifungua mbele ya wote. Watu wawili huhesabu fedha kwa sauti, na jumla hulinganishwa na ile iliyotangazwa juma lililopita, ambayo kila mwanachama ameagizwa kuishika kichwani. Asiyejua kusoma mara nyingi huikumbuka vizuri kuliko karani. Kisha kila mmoja huitwa kwa namba yake, huja mbele, hununua hisa moja hadi tano, na katika kitabu chake kidogo hupigwa muhuri mmoja kwa kila hisa. Mihuri huhesabika hata kwa mtu asiyejua herufi. Kabla ya kufunga, fedha huhesabiwa tena, jumla hutangazwa, na wote huirudia kwa kinywa. Mambo haya huonekana kuwa ya kuchosha, na vikundi vingi hutaka kuyafupisha baada ya miezi miwili. Kikundi kinachoyafupisha kimeanza kufa: fedha zinazohesabiwa chumbani na watu wawili huleta maneno, hata kama watu hao ni waaminifu.

Mathalani, kikundi cha watu 20 kimekubaliana kwamba hisa moja ni faranga 1,000. Kila mmoja akinunua hisa moja tu kwa juma, baada ya majuma 12 sanduku lina faranga 240,000. Sasa waweza kukopeshana. Mama mwenye hisa 12 aweza kukopa hadi mara tatu ya akiba yake, yaani faranga 36,000, akanunua mbegu au bidhaa za kuuza, naye akarudisha katika miezi mitatu pamoja na nyongeza kidogo iliyokubaliwa na wote.

Mtu aweza kuuliza kama nyongeza hiyo si riba ya kuwanyonya maskini. Ingekuwa hivyo kama ingeingia mfukoni mwa mkopeshaji mmoja. Hapa hurudi sandukuni, na mwisho wa mwaka hugawiwa wote, na yule aliyeilipa hupata fungu lake. Lakini kikundi kisipange nyongeza kubwa. Wenye nacho hupenda ipande, na wanaokopa kwa shida ndio wanaolemewa.

Baada ya mwaka mmoja fedha zote hugawanywa kwa hesabu ya hisa, na kazi huanza upya. Siku ya kugawana nayo yafaa ichaguliwe kwa akili: mwishoni mwa Agosti, kabla ya shule kufunguliwa, au Oktoba, kabla ya mvua, wakati mbegu zinapotafutwa. Kikundi kinachogawana Desemba chajua fedha zitakwenda wapi, yaani katika nguo mpya na vinywaji vya Noeli.

Mikopo peke yake haitoshi, maana kilio hakingoji mtu arudishe deni lake. Kwa hiyo wapasa kuwapo mfuko wa pili. Vikundi viitwavyo MUSO, ambavyo vimeenea Kivu ya Kusini, hutenganisha fedha kwa rangi: kisanduku cha kijani ni cha mikopo, chekundu ni cha misaada, cha buluu ni cha fedha zitokazo nje. Kinachotiwa katika kisanduku chekundu hakirudishwi kwa aliyekitoa. Watu 20 wakitoa faranga 200 kila mmoja kwa juma, ni faranga 4,000. Kwa majuma 12 ni faranga 48,000. Hazitoshi kwa kilio kizima, lakini zanunua unga wa bukari kwa wageni wa siku ya kwanza, na mwenye msiba hatoki nje kukopa huku machozi yangali usoni. Kiasi cha msaada hupangwa mapema na kuandikwa: hiki kwa kifo cha mume, mke au mtoto, hiki kwa mgonjwa aliyelazwa. Kisipopangwa mapema, mkubwa hupewa kingi na mjane hupewa kidogo, na kila mtu ajua kwa nini.

Manung'uniko ya namna hiyo ni ya zamani. Matendo ya Mitume, katika sura ya 6, husimulia kwamba katika Kanisa la Yerusalemu wajane wa wale waliosema Kiyunani walisahauliwa katika ugawaji wa kila siku. Mitume hawakuwakemea walionung'unika. Waliwaambia ndugu wachague watu saba wenye sifa njema wawekwe juu ya kazi hiyo, na majina ya hao saba yote ni ya Kiyunani. Yaonekana kwamba ugawaji ulitiwa mikononi mwa wale waliokuwa wakisahauliwa. Mtaa unaochagua washika funguo wafaa uliangalie jambo hili. Ufunguo mmoja ukikaa kwa mjane, mwingine kwa kijana, na mwingine kwa mtu aliyehamia juzi kutoka mbali, maneno hupungua.

Kuna mkatekumeni atakayetaka kikundi cha Wakatoliki peke yao. Lakini Mulungwishi ni mahali pa misheni kubwa ya Wametodisti, yenye chuo cha wachungaji tangu miaka ya 1950, na katika njia moja hukaa Mkatoliki, Mmetodisti, na mtu asiye na kanisa. Mtoto akiugua usiku, anayebisha hodi kwanza ni yule aliye karibu. Kikundi cha mtaa na kiwe cha mtaa.

Ziko kazi zisizotaka fedha nyingi, kama kutunza chemchemi: kuizungushia ua, kuchimba mfereji juu yake ili maji machafu ya mvua yapite kando, kuhakikisha kwamba choo kiko mbali, angalau mita 30. Wazee watakumbuka salongo ya miaka ya 1970, siku ile watu walipolazimishwa na serikali kufyeka na kufagia, na kwa sababu hiyo wengine hukunja uso wakisikia kazi ya pamoja. Tofauti ni kwamba hapa siku huchaguliwa na wanaochota maji.

Na mfadhili je? Friedrich Wilhelm Raiffeisen, aliyekuwa mkuu wa vijiji katika Ujerumani, aliwaona watu wake wakiona njaa katika baridi ya mwaka 1846 na 1847, akawakusanya wenye mali wawasaidie. Walisaidia, lakini miaka ilipopita aliona kwamba hisani ya matajiri haidumu. Mwaka 1864, huko Heddesdorf, alianzisha chama ambacho wakopaji wenyewe ndio wanachama. Mgeni akija Mulungwishi na fedha, na azitie katika kisanduku cha buluu, baada ya majirani kumaliza mwaka wao wa kwanza kwa fedha zao wenyewe. Fedha za mgeni zikitangulia, watu hukopa kama watu wanaookota, kwa maana hakuna aonaye kwamba zimetoka jashoni mwa mwenzake.

Basi kuanza ni hivi. Watu wanne au watano wakutane alasiri ya Jumapili chini ya mwembe, kila mmoja ataje majirani watatu anaoweza kuwakopesha bila kuogopa. Majina yatakayotajwa mara nyingi ndiyo ya kuanzia, na hesabu isipite watu 25. Sanduku litengenezwe na fundi wa chuma, kufuli zinunuliwe kwa mchango wa wote. Kisha ipangwe bei ya hisa, na hapo wasiulizwe kwanza wenye mshahara. Aulizwe mama aliye maskini kuliko wote waliopo, ni kiasi gani aweza kuleta kila juma, hata juma la mvua asipouza kitu. Jibu lake liandikwe katika ukurasa wa kwanza wa kitabu.