Mama wa Ndege na Kiota Chake

Somo la kusoma nyumbani: Kumbukumbu la Torati 22:6–7



Theluji imeyeyuka, na bata bukini wamejaa tena hapa Minnesota. Tunawakuta ziwani, kwenye nyasi za nyumba tunazopanga, hata kando ya maegesho ya magari. Watoto wetu wanawakimbiza, nao wanawakimbiza watoto. Na katika jumuiya zetu swali limeulizwa: mayai yale yaliyo chini tu, kuna ubaya gani kuyachukua? Kule nyumbani wengi wetu tuliokota mayai ya kanga porini, na hakuna aliyetuuliza.

Somo letu linamhusu mtu aliyekuta kiota njiani, mama akiwa amelalia. Mwisraeli aliruhusiwa kuchukua mayai au makinda, lakini mama alipaswa kumwacha aende zake. Tuangalie ahadi inayofuata: kufanikiwa na kuishi siku nyingi. Ndiyo ahadi iliyotolewa katika sura ya 5 kwa anayewaheshimu baba na mama. Amri ni ndogo, ya ndege tu, lakini ahadi yake ni kubwa kama ile ya wazazi. Mungu anaangalia tunavyomtendea mnyonge mahali ambapo hakuna anayetuona.

Hapa tunapoishi sheria imekwenda mbele zaidi. Tangu mwaka 1918 sheria ya Marekani ya ndege wahamao inakataza kuwaua, kuwakamata au kuchukua mayai yao bila kibali. Kwa familia ambayo makaratasi yake ya uhamiaji bado yanashughulikiwa, kesi ya mayai si mchezo. Anayetamani nyama yake akate leseni na asubiri msimu wa kuwinda.

Wengine husema, "Mbona ni wengi mno?" Hawakuwa wengi siku zote. Waliwindwa na mabwawa yao yakakaushwa, hata aina yao iliyo kubwa kuliko zote ikadhaniwa imetoweka. Mwaka 1962 mtaalamu Harold Hanson aliitambua ikiwa hai kwenye ziwa la Silver Lake, mjini Rochester, humu humu Minnesota. Tunaowaona leo wapo kwa sababu watu walijizuia na kuwatunza.

Basi tuishi nao hivi:

Jike hulalia mayai kwa siku 28 hivi, na dume husimama karibu. Akishusha shingo na kutoa sauti kama ya nyoka, analinda nyumba yake. Tusikimbie wala kumrushia mawe. Tumshike mtoto mkono, tumtazame ndege, turudi kinyumenyume polepole. Wazee wetu hasa wasikimbie, kwani kuanguka huumiza kuliko kudonolewa.

Yule ndege mdogo mweusi mwenye mabega mekundu, anayetushukia kichwani tukipita karibu na matete, naye ana kiota. Tupitie upande mwingine.

Kati ya Juni na Julai bata bukini wakubwa hupukutisha manyoya ya mabawa, wakakaa wiki kadhaa bila kuweza kuruka. Mtoto anayewakimbiza wakati huo anamtesa asiyeweza kujiokoa.

Tusiwape mkate. Hauwajengi miili, na huwazoesha kuwafuata watu.

Kinyesi chao huweza kubeba vijidudu vya kuharisha. Tuvue viatu mlangoni, na watoto wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula. Ndege mgonjwa au mfu tusimguse, kwa ajili ya mafua ya ndege.

Maswali ya familia:
1. Kwa nini Mungu aliweka ahadi kubwa kwenye amri ndogo?
2. Ni nani mwingine karibu nasi anayelinda watoto wake kwa hofu, nasi tukamwita mkali?
3. Wiki hii tutabadili nini tukipita ziwani?

Tuombe: Ee Baba, uliyetupa makao katika nchi hii, utufundishe kuheshimu makao ya viumbe vyako. Amina.