Baada ya Kupasuliwa Pua: Mwongozo kwa Wagonjwa wa Busia na Tororo

Damu kwenye foronya huamsha nyumba nzima. Majimaji meupe yanayodondoka tone moja moja mgonjwa akiinama kufunga viatu hayamshtui mtu. Huyafuta kwa leso na kusema ni mafua. Kwa aliyepasuliwa pua, mara nyingi hayo ya pili ndiyo ya kumkimbiza hospitali usiku huohuo, na foronya ni ya kufuliwa tu. Kinachotisha na kilicho hatari haviendi pamoja kila mara, na asiyeweza kuvitenganisha huishi kwa hofu mchana na usiku.

Upasuaji wenyewe, kwa watu wa mpakani, mara nyingi hufanyika mbali. Mmoja ana ukuta wa kati wa pua uliopinda, mwingine ana vinyama vya pua au sinasi zisizopona, mwingine alivunjika pua kwenye ajali ya boda. Rufaa za upande wa Kenya huelekea Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu au Hospitali ya Moi, Eldoret. Za Uganda huelekea Mbale au Mulago, Kampala. Daktari wa masikio, pua na koo hubaki huko. Mgonjwa hurudi Busia, Malaba au Tororo na bahasha ya dawa, na siku zenye mambo mengi anazimalizia nyumbani.

Usiku mgumu kuliko zote ni ule wa pua iliyozibwa kwa pamba au gozi. Kinywa kinakauka, koo linakwaruza, na kila ukimeza mate masikio yanaziba. Usingizi ukianza kukuchukua, mwili unajaribu kuvuta hewa kwa pua kama ulivyozoea, unakuta mlango umefungwa, nawe unagutuka umeketi kitandani, moyo unadunda, vidole vinawasha, na una hakika unakufa. Hufi. Hewa inapita mdomoni, na kuwasha kwa vidole kunatokana na kuhema harakaharaka kupita mahitaji ya mwili. Keti, inamisha mabega, toa pumzi polepole kwa midomo iliyobinywa kama unayepoza uji, na uitoe kwa muda mrefu kuliko unavyoivuta. Rudia mpaka vidole vitulie. Weka kikombe cha maji karibu, paka midomo mafuta, lalia mito miwili au mitatu, na mtu alale chumba kimoja nawe. Pamba hizo hukaa siku moja hadi tatu, kwa kawaida, na wa kuzitoa ni mhudumu wa afya. Usizivute mwenyewe, hata kama uzi wake uliobandikwa shavuni unakushawishi. Lakini ikiwa hewa haipiti hata mdomoni, au midomo inageuka rangi ya buluu, hiyo si hofu tena. Ni dharura.

Sasa damu. Siku mbili tatu za kwanza, kamasi lenye damu ni jambo la kawaida, na damu iliyokauka itatoka nyeusi kwa siku kadhaa zaidi. Kinachowashangaza wengi ni damu ya baadaye, kati ya siku ya tano na ya kumi, magamba yanapobanduka. Ndipo hasa mtu anapojiona amepona na kurudi sokoni. Ikitoka, usilaze kichwa nyuma wala usimwagiwe maji utosini kama tulivyofanyiwa utotoni. Damu itaingia tumboni na utaitapika. Keti, inama mbele, bana sehemu laini ya pua chini ya mfupa kwa dakika kumi na tano kwa saa, bila kuachia ili uchungulie, na uteme kinachoingia kooni. Aliyenyooshwa mfupa wa pua abane kwa upole, bila kuugusa mfupa. Ikiendelea baada ya hapo, au ikimiminika tangu mwanzo, nenda hospitali.

Damu nyingi ya aina hii tunajiletea. Kuinua gunia, kubeba mtungi wa maji kichwani, kuinama shambani na jembe la mkono, kufua kwa kuinama: haya yote yanapandisha shinikizo kichwani, na wapasuaji wengi huyakataza kwa wiki mbili hivi. Kwa mtu anayeishi kwa kuvusha mizigo mpakani, wiki mbili bila kubeba ni wiki mbili bila chakula, kwa hiyo zipangie kabla ya kwenda kupasuliwa, ukishapasuliwa umechelewa. Usipenge kamasi. Chafya ikija, ipige mdomo ukiwa wazi. Pombe iache, na hapa nasema pia ajono, pombe yetu ya kienyeji, hata kama ni ya sherehe na wazee wamekupa mrija: ni ya moto, ina kilevi, na inavutwa kwa nguvu. Ugoro usiufikirie. Moshi wa mafiga na vumbi la saruji kwa wanaofanya kazi viwandani Tororo hukausha na kuchubua utando unaojaribu kuota upya, kwa hiyo mwingine apike, na kazini urudi na barakoa daktari akisharuhusu. Kujifukiza chini ya blanketi kwa majani ya mwarobaini au mkalitusi ni dawa inayopendwa sana kwetu, lakini kwa kidonda kibichi mvuke wa moto huamsha damu, na sufuria ikipinduka huunguza.

Dawa za maumivu zina mtego wake mpakani. Kidonge kilekile huuzwa kwa jina moja upande huu na jingine upande wa pili, na mgonjwa mwenye maumivu humeza vyote viwili. Soma maandishi madogo nyuma ya karatasi. Neno parasetamoli likionekana kwenye pakiti mbili, tumia moja. Neno aspirini likionekana, weka chini, maana aspirini huzuia damu kuganda, na imo ndani ya vidonge kadhaa vya kichwa vinavyouzwa madukani, Mara Moja kikiwa kimojawapo. Aliyeandikiwa aspirini au warfarini kwa ajili ya moyo asiiache wala kuirejea kwa uamuzi wake; amuulize daktari.

Daktari akikuruhusu kuosha pua, osha kwa bidii, kwa sababu magamba yasiyooshwa huoza, hunuka na kushikanisha kuta za pua. Chemsha nusu lita ya maji, yachemke hasa, yapoe hadi uvuguvugu, tia kijiko cha chai cha chumvi kisichofurika. Maji ya bomba, kisima au mto yasiyochemshwa hayafai puani hata yakionekana safi. Humo huweza kuwa na amiba adimu anayepanda kutoka puani hadi kwenye ubongo. Wengine huongeza soda ya kuokea kidogo ili maji yasiwashe. Usiibadilishe kwa magadi ya kulainishia maharagwe wala kwa munyu ule wa majivu tunaopikia mboga. Vyote ni vikali, na pua iliyopasuliwa si sufuria ya mrenda.

Dalili zilizo hatari kweli ni chache, na kadhaa kati yake hazina kelele. Ya kwanza ni pua kuziba pande zote mbili upya baada ya pamba kutolewa, huku maumivu yakizidi na kupwita badala ya kupungua. Huenda damu imejikusanya ndani ya ukuta wa kati. Gegedu la ukuta huo halina mishipa yake ya damu. Hulishwa na utando unaolifunika, na damu ikiutenganisha nalo, gegedu hufa ndani ya siku chache na mgongo wa pua hudidimia. Kutoa damu hiyo ni kazi ndogo ikifanywa mapema. Aliyeanguka na boda pua ikavimba aangaliwe vivyo hivyo, hata kama hajawahi kupasuliwa.

Ya pili ni yale majimaji meupe: maangavu kama maji, upande mmoja, yanaongezeka ukiinama, yana ladha ya chumvi kooni. Yanaweza kuwa maji ya ubongo yanayovuja, hasa baada ya upasuaji wa sinasi. Usipenge, usizibe kwa pamba, usioshe pua. Kaa kichwa kikiwa juu na uende.

Ya tatu ni jicho. Weusi chini ya macho ni kitu cha kupita. Jicho linalovimba ghafla na kusukumwa nje, linalouma, linaloona giza au vitu viwili viwili, halingoji asubuhi. Uwezo wa kuona unaweza kupotea ndani ya saa chache.

Ya nne ni homa, na hapa mahali petu panatuponza. Tororo na Busia ni maeneo ya malaria nyingi, kwa hiyo kila joto la mwili linaitwa malaria na dawa inanunuliwa bila kipimo. Pima, ndiyo. Lakini hata kipimo kikionyesha malaria, mwambie mhudumu kwamba umepasuliwa pua. Homa pamoja na shingo kukakamaa na kichwa kuuma vibaya huweza kuwa homa ya uti wa mgongo. Homa pamoja na vipele vyekundu mwilini, kutapika, kuhara na kizunguzungu, pamba zikiwa bado puani, huweza kuwa sumu ya bakteria iliyoingia kwenye damu. Zote mbili huua haraka.

Kuna mambo mengine yanayowakosesha watu usingizi na hayana ubaya. Meno ya juu ya mbele kufa ganzi baada ya kunyoosha ukuta wa pua: mshipa wa fahamu umeguswa, na kwa kawaida hisia hurudi baada ya wiki au miezi. Kutonusa samaki akikaangwa: uvimbe bado haujashuka. Tundu moja kuziba asubuhi na jingine jioni: matundu ya pua za watu wengi hubadilishana zamu kila baada ya saa kadhaa, jambo ambalo daktari Mjerumani Richard Kayser alilieleza mwaka 1895. Hukuwahi kulitazama kabla, na sasa unalitazama kila dakika. Matokeo ya kunyoosha ukuta hayahukumiwi wiki ya tatu. Uvimbe wa ndani huchukua miezi mitatu hadi sita kuisha.

Wasiwasi ukishaingia, ujue kwanza kwamba huenda dawa inauchochea. Predinisoloni na steroidi nyingine za vidonge, ambazo hutolewa sana kwa wenye vinyama vya pua, huondoa usingizi na kubadili hisia. Muulize daktari kama unaweza kuzimeza asubuhi, na usizikatishe ghafla. Punguza pia kuchungulia pua kwa tochi ya simu. Anayeichungulia kila saa ataona kitu kila saa.

Wapo wachache ambao tatizo lao ni jingine kabisa. Pua iko wazi, daktari anaona njia pana, nao wanasema hawapati hewa. Mwaka 1994, Eugene Kern na Monika Stenkvist wa Mayo Clinic, Marekani, waliipa hali hii jina la pua tupu. Hutokea hasa kwa waliokatwa sana zile nyama za pembeni zinazopasha hewa joto na unyevu. Pua hutambua hewa kwa ubaridi wake inapopita. Vihisio vya ubaridi huo vikipotea, hewa inaingia bila ubongo kupata habari. Ndiyo maana dawa zenye mentholi hukufanya uhisi pua imefunguka ingawa njia haikupanuka. Wagonjwa hawa huandamwa na hofu na sonona, na huumizwa zaidi wanapoambiwa ni mawazo tu au ni mapepo. Waaminiwe, pua zao zipewe unyevu kwa maji ya chumvi, na wasiwasi wao utibiwe sambamba na pua. Wasikimbilie kisu cha pili kwa daktari wa pili kabla ya kupata maelezo ya kisu cha kwanza.

Hofu ikidumu zaidi ya wiki mbili, ukaacha kula, kulala au kwenda kazini, hiyo inatibika. Hospitali ya rufaa ya Mbale ina kitengo cha afya ya akili. Upande wa Kenya anzia hospitali ya rufaa ya kaunti, Busia. Mhudumu wa afya wa kijiji chako Uganda (VHT), au mhamasishaji wa afya ya jamii Kenya (CHP), anaweza kukuandikia rufaa na kukusindikiza. Mawazo ya kujidhuru yakija, usibaki peke yako, na mwambie mtu leo.

Kuhusu mpaka: kituo cha pamoja cha Busia kilichozinduliwa Februari 2018 kimerahisisha kuvuka, lakini bima haivuki nawe. SHA, bima ya afya ya Kenya iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, haitakulipia Tororo. Hospitali za serikali Uganda ziliondoa ada mwaka 2001, ila dawa huisha na utatumwa duka la nje. Katika dharura nenda iliyo karibu, upande wowote, na karatasi zako mkononi. Zimeandikwa kwa Kiingereza na zitasomeka kote. Usianze kwa kueleza historia ya ugonjwa. Sema: "Sista, nilipasuliwa pua siku nane zilizopita Kisumu, ukuta wa kati. Tangu jana maji meupe yanatoka upande wa kulia nikiinama." Sentensi mbili kama hizo zinakutoa kwenye foleni ya mafua.

Na wewe ambaye bado hujapasuliwa, usitoke wodini bila vitu vitatu: karatasi inayotaja kilichokatwa, tarehe ya kurudi, na namba ya simu ya wodi inayopokelewa usiku. Ipige ukiwa bado langoni uhakikishe inaita.