Ufahamu na Ufupisho: Ardhi Ndiyo Mpishi wa Kwanza

Utangulizi

Watahiniwa wengi huliona swali la ufahamu kuwa jepesi kwa sababu majibu yote yamo ndani ya kifungu. Hata hivyo, hapo ndipo alama nyingi hupotea. Mtahiniwa husoma haraka, hunakili sentensi nzima, au huandika anachokijua yeye badala ya kile kilichoandikwa.

Katika somo hili utasoma kuhusu nchi ambayo huenda hujawahi kusoma habari zake. Hilo limefanywa makusudi. Katika chumba cha mtihani huchagui mada, na mada ngeni hukulazimisha kukitegemea kifungu peke yake.

Baada ya somo hili uweze:
(a) kubaini wazo kuu la kila aya;
(b) kueleza maana ya maneno na kauli kama zilivyotumika;
(c) kufupisha habari bila kuvuka idadi ya maneno uliyopewa.

Hatua za kufuata

1. Pitia maswali haraka ili ujue unatafuta nini.
2. Soma kifungu mara ya kwanza bila kuandika chochote.
3. Soma mara ya pili na upigie mstari wazo kuu la kila aya.
4. Jibu kwa maneno yako mwenyewe, kwa sentensi kamili.

Kifungu cha habari

Soma kwa makini kifungu kifuatacho kisha jibu maswali yanayofuata.

Venezuela ni nchi iliyo kaskazini mwa Amerika ya Kusini. Upande wa kaskazini kuna Bahari ya Karibi, magharibi imesimama milima ya Andes, katikati imetandaa nchi tambarare ya nyasi iitwayo Llanos, na kusini kuna misitu minene ya mto Orinoco na Amazon. Mwenye kuijua ramani hii hatashangaa akiambiwa kuwa chungu cha mkulima wa milimani si chungu cha mvuvi wa pwani. Ardhi ndiyo mpishi wa kwanza, binadamu hufuata.

Hata hivyo, kipo chakula kinachoziunganisha pande zote, nacho ni arepa. Huu ni mkate mdogo wa mviringo wa unga wa mahindi. Huchomwa juu ya kikaango cha chuma au hukaangwa kwa mafuta, kisha hupasuliwa na kujazwa jibini, maharage meusi, nyama au samaki. Wenyeji waliokuwako kabla ya kufika kwa Wahispania walikuwa wakiula. Zamani kazi yake ilikuwa kubwa: mahindi yalitwangwa kwenye kinu, yakachemshwa, yakasagwa, ndipo yakakandwa. Mwaka 1960 unga uliokwisha kupikwa kiwandani ulianza kuuzwa madukani, na kazi ya saa nyingi ikawa ya dakika chache. Lakini hata arepa hubadilika kwa mahali. Andes, ambako baridi huruhusu ngano kustawi, hutengenezwa pia kwa unga wa ngano. Katika jimbo la Falcón, mahindi huchemshwa pamoja na chokaa au majivu ili maganda yake yatoke.

Ukipanda Andes utakutana na baridi na mashamba ya viazi. Huko asubuhi watu hunywa pisca, yaani supu ya viazi, maziwa, mayai na giligilani, ili kupasha mwili joto. Ukishuka Llanos, nchi ya wafugaji, mambo hubadilika: vipande vikubwa vya nyama ya ng'ombe huchomekwa kwenye miti mirefu na kuchomwa polepole kandokando ya moto. Kisiwani Margarita, nyama ya papa wadogo hutiwa ndani ya unga wa mahindi na kukaangwa, mfano wa sambusa. Katika jimbo la Zulia, mbuzi na samaki hupikwa kwa nazi, pishi ambalo mtu wa Tanga au Mombasa hataliona geni.

Kusini, mahindi huupisha muhogo. Unaotumika sana ni muhogo mchungu, wenye sumu iwezayo kuua. Wenyeji huukuna, huukamua maji ndani ya mfuko mrefu uliosukwa kwa nyuzi za mimea, kisha huutandaza juu ya bamba la moto hadi uwe mkate mkavu uitwao casabe. Mkate huo hukaa muda mrefu bila kuharibika. Maji yaliyokamuliwa nayo hayatupwi. Huchemshwa kwa muda mrefu hadi sumu iishe, kisha hutengenezwa mchuzi wa pilipili ambao wengine huutia chungu wakubwa wa msituni. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza ujuzi wa kutengeneza casabe katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu, kwa ombi la Venezuela pamoja na Cuba, Haiti, Honduras na Jamhuri ya Dominika.

Historia nayo imetia mkono chunguni. Mfano mzuri ni hallaca, chakula cha Krismasi. Donge la unga wa mahindi hujazwa mchuzi mzito wa nyama, likaongezwa zeituni na zabibu kavu, kisha likafungwa kwa jani la mgomba na kuchemshwa. Mahindi ni ya wenyeji wa Amerika. Zeituni na zabibu zililetwa na Wahispania. Mgomba ulitoka Asia, ukakaa Afrika kabla ya kuvuka Atlantiki. Waafrika waliopelekwa huko kwa utumwa, wakiwemo wale wa mashamba ya kakao ya Barlovento, nao waliacha alama yao jikoni. Safari ya vyakula ilikuwa ya pande mbili, kwani mahindi na muhogo, ambavyo leo ni chakula cha kila siku Afrika Mashariki, vilitoka Amerika. Aidha, hallaca haipikwi na mtu mmoja. Mmoja hufuta majani, mwingine hukanda unga, mwingine hujaza, mwingine hufunga kamba. Na kila mtoto huamini kuwa iliyo tamu kuliko zote ni ya mama yake.

Katika miaka ya 2010 uchumi wa Venezuela uliporomoka. Unga wa mahindi uliadimika, watu wakapanga foleni ndefu madukani, na familia nyingi zikashindwa kumudu nyama ya hallaca. Zaidi ya watu milioni 7 wameihama nchi hiyo. Wengi waliacha nyumba na kazi, lakini mapishi hawakuyaacha. Leo vyakula vyao huuzwa Bogotá, Lima na Madrid. Mtu anaweza kunyang'anywa karibu kila kitu na hali ya maisha, ila si namna mama yake alivyomfundisha kukanda unga.

Maswali

1. Andika kichwa cha habari kinachofaa kwa maneno yasiyozidi matano.
2. Eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumika: (a) imetandaa (b) uliadimika (c) kumudu.
3. "Ardhi ndiyo mpishi wa kwanza." Mwandishi ana maana gani?
4. Kwa nini muhogo mchungu hukamuliwa kabla ya kupikwa?
5. Kwa kutumia hallaca, toa hoja tatu kuonesha kuwa chakula hubeba historia.
6. Taja methali moja inayoafiki namna hallaca inavyotayarishwa.
7. Fupisha aya ya tatu na ya nne kwa maneno yasiyozidi 50.

Majibu na maelezo

1. Vyakula vya Asili vya Venezuela. Kichwa kama "Arepa" hakifai, kwa sababu kinabeba aya moja tu.

2. (a) imeenea mahali pakubwa. (B) ulikuwa haupatikani kwa urahisi. (C) kuweza kulipia gharama. Angalizo: neno "kumudu" huweza pia kuwa na maana ya kuweza jambo kwa jumla, lakini hapa linahusu uwezo wa kununua. Ndiyo maana swali husema "kama yalivyotumika".

3. Ana maana kuwa mazingira ya mahali, yaani hali ya hewa na mazao yake, ndiyo huamua watu watapika nini. Jibu lisemalo "ardhi hupika chakula" limerudia maneno tu, halijaeleza maana.

4. Hukamuliwa ili kuondoa maji yenye sumu inayoweza kumuua mlaji.

5. (i) Mahindi yanaonesha mchango wa wenyeji wa Amerika. (ii) Zeituni na zabibu kavu zinaonesha kufika kwa Wahispania. (iii) Jani la mgomba linaonesha safari ya mmea huo kutoka Asia kupitia Afrika. Ukiandika kuwa hallaca huliwa Krismasi umesema kweli, ila hujajibu swali.

6. Kidole kimoja hakivunji chawa. "Umoja ni nguvu" nayo inakubalika.

7. Tazama kwanza jibu dhaifu:

"Ukipanda Andes utakutana na baridi na mashamba ya viazi. Huko asubuhi watu hunywa pisca, yaani supu ya viazi, maziwa, mayai na giligilani, ili kupasha mwili joto. Ukishuka Llanos, nchi ya wafugaji, mambo hubadilika..."

Mtahiniwa huyu amenakili. Nafasi yake imekaribia kwisha kabla hajafika Margarita, na aya ya nne hataigusa kabisa. Sasa tazama jibu zuri:

"Chakula cha Venezuela hutegemea mazingira. Watu wa Andes hunywa supu ya viazi, wafugaji wa Llanos huchoma nyama, wa Margarita hula papa, na wa Zulia hupika kwa nazi. Wa kusini huondoa sumu ya muhogo mchungu na kutengeneza mkate wa casabe, ambao ujuzi wake umetambuliwa na UNESCO."

Hesabu maneno yake: ni 45. Sentensi ya kwanza imebeba wazo linaloziunganisha aya zote mbili. Viungo vya supu, mfano wa sambusa na majina ya nchi nyingine vimeachwa, kwa kuwa ni maelezo ya ziada. Kila eneo limetajwa, na hakuna jambo jipya lililoongezwa.

Makosa ya kuepuka

- Kuvuka idadi ya maneno. Hesabu, usikisie.
- Kuandika ufupisho kwa hoja zenye namba wakati umetakiwa kuandika aya.
- Kuongeza maoni yako, kwa mfano "chakula hiki ni kitamu sana".
- Kuacha swali la methali wazi kwa kukosa uhakika. Rudi kwenye aya, tafuta funzo lake, kisha tafuta methali yenye funzo hilo.
- Kubadili tahajia ya majina ya watu na mahali. Yanakili kama yalivyo kwenye kifungu.

Zoezi

1. Fupisha aya ya tano kwa maneno yasiyozidi 40.
2. Chagua chakula kimoja cha asili cha eneo unakotoka. Muulize mzee mmoja viungo vyake vilitoka wapi na hupikwa wakati gani, kisha andika insha ya maneno yasiyopungua 250 na yasiyozidi 300 kueleza jinsi ardhi na historia zilivyokitengeneza chakula hicho.