“Top up”: ni pesa ya nani inayoongezwa?

Ukinunua omena Kibuye, gorogoro ikishajaa bado hamjamalizana. Unamwambia mama, “Niongeze,” ama kwa Kijaluo, “Medna,” naye anachota konzi nyingine na kuimwaga juu mpaka rundo linapita ukingo. Hiyo ndiyo “top up” kwa maana yake ya msingi: kitu kilikuwa na kiasi fulani, kikaongezewa mpaka juu. Ile “up” haisemi kwamba kuna kitu kinapanda, inasema tu kimefikishwa mwisho, kama kwenye “fill up”. Halafu “use up” nayo ina “up” hiyo hiyo na maana yake ni kumaliza kabisa, lakini Kiingereza kina mambo yake.

Wengi wetu tulilizoea neno hili enzi za kadi za kukwangua. Leo tunasema “nimetop up” hata kama kredo ilikuwa sifuri, na hakuna anayeuliza maana. Kwenye pochi ya simu ni vivyo hivyo. Ukibonyeza “Top up wallet”, unahamisha pesa yako kutoka benki ama laini nyingine kuja kwenye pochi yako. Pesa ni yako, imebadilisha mfuko tu.

Shida inaanza neno likihamia kwenye mkopo. Unapata ujumbe: “You qualify for a loan top-up.” Uko stendi, abiria anasubiri, unaona “top-up” na akili inakimbilia kredo ama bonasi. Hapa sasa si wewe unayeongeza wala si mama wa omena anayekupa ya bure. Anaongeza mkopeshaji, na kinachojazwa ni deni.

Hebu tupige hesabu ya mfano. Ulikopa 10,000 ununue samaki Dunga, umebakisha 6,000. Unakubali “top-up” ya kufikisha mkopo 15,000. Wakopeshaji wengi hawakutumii 15,000. Wanafungua mkopo mpya, wanakata ile 6,000 kufunga wa zamani, inabaki 9,000. Kama ada ni asilimia 5 ya mkopo wote, inatoka 750, na mkononi unapata 8,250. Deni lako sasa ni 15,000 na riba yake juu, na siku za kulipa zimeanza kuhesabiwa upya. Angalia tena ile 6,000: uliilipia ada ulipokopa mara ya kwanza, na sasa umeilipia tena, ilhali hukuishika mara ya pili.

Hatusemi ni wizi. Kama mzigo unauzika leo kesho na faida inapita hiyo ada, sawa, chukua. Lakini kama umebakisha wiki moja ama mbili kumaliza, sisi tunaona ni afadhali umalize kwanza, halafu ukope upya kile tu unachohitaji. Kuna pia wanaotoza ada kwa nyongeza peke yake, kwa hivyo uliza kabla ya kubonyeza: nitapokea ngapi mkononi, na nitalipa ngapi kwa jumla? Una haki ya kujibiwa. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za 2022 zinawataka wakopeshaji wa kidijitali wakueleze gharama mapema.

Kredo nayo inaweza kuwa deni. Okoa Jahazi ya Safaricom hukatwa asilimia 10, kwa hivyo ukiomba ya 100 unatumia ya 90 na unarudisha 100. Simu imejaa, ndio, lakini si kwa pesa yako.

Sasa sarufi kidogo, maana nayo inalinda pesa. Unaweza kusema “top up your phone” ama “top your phone up”, zote sawa. Ukitumia “it”, lazima ikae katikati: “top it up”, kamwe si “top up it”. Ikiandikwa na kistari, “top-up”, ni jina la kile kiasi chenyewe.

La muhimu zaidi ni kutofautisha “Top up now” na “has been topped up”. Ya kwanza inakuomba ufanye jambo. Ya pili inadai jambo limeshafanyika, na matapeli wanaipenda sana: “Your account has been topped up with KES 3,500 by mistake. Kindly send back.” Kiingereza kimenyooka, lakini pesa haipo. Usiangalie salio lililoandikwa ndani ya ujumbe huo. Fungua programu ama menyu mwenyewe uone. Na hata ukikuta pesa imeingia kweli kimakosa, usimrudishie anayekupigia simu. Piga huduma kwa wateja, muamala ugeuzwe kutoka huko.