SOMO LA 12: FLASHI YA KAMERA ISIYOWAKA

Katika somo lililopita tulijifunza jinsi transfoma inavyokuza volti. Sasa tutachunguza chombo kidogo kiitumiacho kazi hiyo. Chombo chenyewe ni flashi, yaani taa ya kamera imulikayo kwa ghafula mpiga picha apigapo picha mahali penye giza. Flashi zilizotengenezwa miaka ya 1970 na 1980 bado huonekana katika makabati ya wapiga picha. Nyingi husemwa kuwa zimekufa na kutupwa, kumbe ubovu wake ni mdogo. Nyingine hufunguliwa kwa pupa, zikamwumiza vibaya afunguaye.

Jinsi flashi ifanyavyo kazi

Betri nne ndogo, kila moja ya volti 1.5, hutoa jumla ya volti 6. Volti hizo hazitoshi, kwa sababu mwanga wa flashi hautoki katika uzi kama ule wa balbu. Hutoka katika mrija wa kioo uliojazwa gesi ya zenoni, nayo gesi hiyo huhitaji mamia ya volti. Kwa hiyo transista huukatakata mkondo wa betri maelfu ya mara kwa sekunde. Transfoma huzikuza volti hadi kufikia 300 hivi, na diodi huuruhusu umeme upite upande mmoja tu na kuingia katika kapasita.

Kapasita ni ghala la umeme. Hujazwa kwa sekunde kadhaa, kisha humwaga karibu umeme wote kwa mara moja. Ubonyezapo kitufe, koili ndogo hutoa msukumo wa volti elfu kadhaa unaoifanya gesi ianze kupitisha umeme, na papo hapo mrija humulika. Mhandisi Harold Edgerton wa Marekani ndiye aliyeendeleza flashi ya namna hii katika miaka ya 1930. Kabla yake wapiga picha walichoma unga wa magnesi, wakajaza chumba moshi.

Kapasita ya mikrofaradi 400 iliyojazwa kwa volti 300 hubeba nishati ya jouli 18. Balbu ya wati 60 huitumia nishati hiyo kwa muda wa sekunde 0.3 tu. Je, mbona flashi hung'aa kupita balbu? Ni kwa kuwa nishati ile ile hutolewa kwa muda wa sehemu moja ya elfu ya sekunde.

HATARI: Kapasita haimwagi umeme wake utoapo betri. Huweza kuuhifadhi kwa muda mrefu, na mshtuko wake huweza kuua. Mwanafunzi asifungue flashi kamwe, hata kama haina betri.

Kutafuta ubovu bila kufungua

Watu wengi hukimbilia bisibisi. Anayeijua kazi huanza kwa kutazama na kusikiliza.

Fungua kifuniko cha betri. Betri zilizosahauliwa humo kwa miaka huvuja, zikaacha ukoko mweupe au wa kijani juu ya springi na vibati. Ukoko huo huzuia umeme kupita. Zitoe betri hizo bila kuzishika kwa mikono mitupu, wala usiguse macho. Lowesha kidogo kwa siki pamba iliyozungushiwa kijiti, usugue vibati, kisha upanguse kwa spiriti na kuacha vikauke kabisa. Siki isidondoke ndani ya chombo. Kazi hii peke yake huzifufua flashi nyingi.

Sasa tia betri mpya, ukifuata alama za chanya na hasi, na uwashe swichi. Tega sikio. Flashi nzima hutoa mlio mwembamba kama wa mbu, unaozidi kupanda kadiri kapasita inavyojaa. Kama hakuna mlio wowote, umeme wa betri hauifikii transfoma: huenda vibati bado ni vichafu, swichi imekufa, waya umekatika au transista imeungua. Kama mlio upo lakini taa ndogo ya utayari haiwaki, ishuku kapasita. Ndani yake mna utando mwembamba wa oksidi ya alumini, ambao hudhoofika chombo kisipotumiwa kwa miaka, na umeme ukavuja. Iache flashi imewashwa kwa dakika kadhaa, kisha imulishe ikiweza. Rudia mara tano au sita. Mara nyingi utando hujijenga upya. Lakini flashi ikipata moto au ikitoa harufu, izime upesi na umpelekee fundi.

Huenda taa ya utayari ikawaka, lakini ukibonyeza kitufe cha kujaribia mrija haumuliki. Hapo ghala limejaa; kilichoharibika ni koili ya kuanzishia au mrija wenyewe. Nayo flashi imulikayo kwa kitufe lakini ikakataa juu ya kamera ina ubovu katika waya au vibati vinavyoiunganisha na kamera. Tahadhari: baadhi ya flashi za zamani hupitisha zaidi ya volti 200 kwenye vibati hivyo, na kamera ya kisasa ya dijitali huweza kuungua. Fundi hupima kwanza.

Fundi ndani ya flashi

Fundi akiwa ameondoa betri na kifuniko, hagusi kitu kabla ya kupima volti za kapasita. Huumwaga umeme uliobaki kupitia kikinzani chenye waya zilizofunikwa vizuri, kisha hupima tena, kwa maana baadhi ya umeme huweza kurejea. Kuunganisha ncha mbili kwa bisibisi hutoa cheche kubwa na kuharibu kapasita. Naye fundi asemaye kwamba chombo ni salama kwa kuwa kimelala usiku kucha, anabahatisha.

Maswali

1. Kwa nini mkondo wa betri hukatwakatwa kabla ya kuingia katika transfoma?
2. Flashi inatoa mlio, na taa ya utayari inawaka, lakini haimuliki. Ni sehemu zipi hazina ubovu? Eleza ulivyojua.
3. Jouli 18 zikitolewa kwa muda wa sekunde 0.001, ni wati ngapi?
4. Rafiki yako ametoa betri na anataka kuifungua flashi. Utamweleza nini?