SOMO: MWANI UNAOELEA HULISHWA NA MAJI

Katika somo la robo hii tunajifunza namna ya kuutunza mwani unaolimwa kwa kamba zinazoelea. Kilimo cha mwani wa biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989 katika vijiji vya Paje na Jambiani, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino. Baadaye kilienea pwani ya bara, ikiwemo Tanga, Mkinga, Pangani na Bagamoyo. Wakulima walio wengi ni akina mama, na fedha ya mwani ndiyo inayonunua unga na madaftari ya watoto.

Kwa nini kamba zielee?

Njia iliyozoeleka ni kufunga kamba kwenye vigingi katika maji ya kina kifupi. Maji yakipwa wakati wa jua kali, yale yanayobaki hupata joto sana. Mwani hustawi vizuri kwenye joto la nyuzi 25 hadi 30. Likizidi hapo kwa muda mrefu, matawi huwa meupe na laini, kisha hukatika. Kotonii, ambayo bei yake ni nzuri kuliko spinosamu, ndiyo huumia zaidi. Tangu miaka ya 2000 vijiji vingi vimepoteza kotonii na kubaki na spinosamu peke yake. Kamba yenye maboya hukaa kwenye kina zaidi, ambako maji hayapati joto upesi, nayo hupanda na kushuka pamoja na maji.

Mwani unakula nini?

Mwani hauna mizizi ya kunyonya udongo. Hunyonya virutubisho kwa mwili wake wote kutoka kwenye maji yanayopita. Kwa hiyo hatuweki mbolea. Kazi ya mkulima ni kuhakikisha maji yanapita, mwanga unafika na uchafu hauzibi matawi.

Mambo ya kuzingatia

1. Mahali. Chagueni penye mkondo wa wastani na maji safi. Maji yaliyotuama huishiwa chakula, na mawimbi makali hukata matawi. Epukeni midomo ya mito, kwa kuwa wakati wa masika maji baridi hupunguza chumvi na kuleta tope.

2. Mbegu. Chukueni ncha changa, zenye rangi nzuri na zisizo na madoa. Gramu 50 hadi 100 kwa fundo zinatosha. Acheni nafasi ya sentimita 20 hivi, ili maji yafike kila upande.

3. Kina. Mwani usielee juu kabisa, kwani jua na mvua vitauchoma. Usizame mno pia, kwani utakosa mwanga. Maboya yakilemewa na mwani uliokua, ongezeni mengine.

4. Usafi. Tikiseni kamba mara kwa mara ili tope lidondoke, na ondoeni majani mengine yanayojishika kwenye mwani. Hayo hula chakula kilekile na kuziba mwanga.

5. Kuvuna. Vuneni baada ya wiki sita hivi. Tengeni mbegu bora kwanza, kisha mwingine uanikwe kwenye kichanja, si mchangani. Kilo 7 hadi 10 za mwani mbichi hutoa kilo moja tu ya mkavu, kwa hiyo mchanga na unyevu vikishusha bei, ni jasho kubwa linalopotea.

Dalili na hatua

Mwani ukipauka wote ilhali matawi bado ni magumu, mara nyingi umekosa chakula; upelekeni penye mkondo zaidi. Matawi yakiwa meupe na laini, kateni sehemu hizo na muuondoe mwani huo shambani mara moja. Ncha zikiwa zimeliwa, shukuni samaki kama tasi.

Nani atafika shambani?

Shamba la vigingi mama hulifikia kwa miguu maji yakipwa. Shamba la kuelea linahitaji chombo na mtu anayejua kuogelea. Tusipopanga mapema, zao litahama kutoka mikononi mwa akina mama kwenda kwa wenye ngalawa. Tunashauri kikundi kichangie chombo kimoja, wanachama wafundishwe kuogelea, na asiende mtu peke yake.

Kabla ya kuanza, zungumzeni na serikali ya kijiji na kikundi cha usimamizi wa rasilimali za bahari. Walio ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, iliyoanzishwa mwaka 2009, wawaone pia wahifadhi. Msikate mikoko kwa ajili ya vigingi, wala msing'oe nyasi za baharini.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika eneo letu, mkondo uko wapi wakati wa kusi, na wakati wa kaskazi?
2. Ni wangapi kati yetu wanajua kuogelea?
3. Je, tuanze na kamba chache za majaribio, na nani ataandika matokeo?